UDONGO WETU, KIJITO CHETU NA NINGU WETU

Hotuba ya Katibu wa Chama kwa wanaushirika. Imeandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.



Kwanza nawashukuru kwa kuja. Najua huu ni wakati wa palizi, na kila aliyeacha jembe lake kuja kunisikiliza ameacha kitu. Kwa hiyo sitazunguka. Nataka tuzungumze jambo moja tu. Udongo wetu unaondoka, unaingia kijitoni, unaharibu maji na kufukuza samaki, na sisi wenyewe ndio tunaousindikiza. Jumamosi ijayo Mkutano Mkuu wa Kijiji utaamua habari ya kingo za kijito. Kabla hatujanyoosha mikono, tuelewane.

Naanza na kosa langu. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na mimi sitaki kuwa nyani. Shamba langu mnalijua, liko kule mteremkoni. Miaka mingi nimekuwa nikilima kwa plau kutoka juu kushuka chini, kwa sababu ng'ombe wanashuka kwa urahisi na mimi nawahi kumaliza. Kila mfereji wa plau ukawa njia ya maji. Njia ikawa mfereji mkubwa, mfereji ukawa korongo. Masika iliyopita mvua ilinyesha usiku mmoja, asubuhi nikakuta mahindi yangu mistari sita hayapo. Nikafuata korongo kushuka, nikafika kwenye viazi vya mama mmoja jirani yangu, mjane. Viazi vimefunikwa na udongo mweusi, mzuri, wenye mbolea yangu ya samadi. Yule mama hakunitukana. Aliniambia hivi: "Katibu, shamba lako limenitembelea. Njoo ulichukue."

Jamani, nilikosa la kujibu. Nilikwenda kumsaidia kufukua siku tatu, lakini viazi vingi vilikwisha kuoza. Na udongo ule, je, niliweza kuupandisha tena? Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ni vivyo hivyo.

HESABU YA UDONGO

Sasa tufanye hesabu kidogo. Ile hesabu niliyofundishwa kwenye darasa la watu wazima inanisaidia mpaka leo. Ekari yetu ni hatua 70 kwa hatua 70. Kwa mita ni kama mita za mraba 4,000. Chukueni rula ya mtoto wa shule, mtazame kile kistari kidogo kabisa, milimita moja. Mvua ikiondoa udongo wa unene huo tu katika ekari moja, huwezi kuona kwa macho. Utasema shamba lipo vile vile. Lakini zidisha: utapata mita za ujazo 4, na uzito wake ni tani 5 hivi. Tani 5 ni sawa na gunia 50 za kilo 100.

Nani kati yetu amewahi kuvuna gunia 50 za mahindi katika ekari moja? Hakuna. Lakini mvua inavuna, tena bila kupalilia. Na inavuna udongo wa juu, ndio wenye samadi, wenye majani yaliyooza, wenye nguvu. Inatuachia mawe na udongo mwekundu. Halafu sisi tunakwenda kukopa mbolea, tunaiweka, na mvua inaisomba pia.

Kwa nini inakuwa hivyo? Tone la mvua likianguka juu ya jani au bua linapunguza nguvu, maji yanashuka polepole na kuzama. Likianguka juu ya ardhi tupu linapiga kama nyundo, linatawanya udongo na kuziba vitundu vyake. Maji yakikosa pa kuzama yanakimbia. Na maji yanayokimbia mteremkoni kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo yanavyopata nguvu. Sisi tunachoma mabua, tunaacha ardhi uchi, tunalima kushuka. Tumeyatengenezea barabara.

SAMAKI ALIYETUKIMBIA

Udongo huo unakwenda wapi? Unaingia kijitoni kwetu, kijito kinaingia Mto Mara, na Mara unaingia Ziwa Victoria. Mto huo unatoka misitu ya Mau kule Kenya na kutembea karibu kilomita 400. Kila kijiji njiani kinautia uchafu wake, na sisi pia tumo.

Wenye umri wangu mnakumbuka ningu. Tulipokuwa watoto, mvua za kwanza za masika zikijaza kijito, tulikuwa tunatega migono usiku na asubuhi tunarudi na kitoweo. Wazee wetu walitucheka, wakasema hao si ningu, hao ni mabaki tu. Na walisema kweli. Ningu aliwahi kuwa samaki mkuu wa biashara katika mito inayoingia ziwa letu. Tabia yake ni hii: anaishi ziwani na kwenye midomo ya mito, lakini mvua ikija anapanda mto kwenda kutaga mayai pembeni, penye majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko. Watoto wanakua humo kwenye majani, halafu wanashuka. Watu wakagundua tabia hiyo, wakaanza kutega nyavu za makila midomoni mwa mito wakati ule ule anapopanda na mayai tumboni. Kufika miaka ya 1950 uvuvi wa ningu ulikuwa unaanguka. Leo wataalamu wanamhesabu miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Basi tusiseme kwamba jembe peke yake limemmaliza. Nyavu zilianza. Lakini wale wachache wanaobaki, wakipanda mpaka kwetu, wanakuta nini? Majani ya pembeni tumeyalima. Matete tumeyakata. Mikuyu iliyotia kivuli tumechoma mkaa. Vidimbwi vimejaa mchanga. Mgeni amefika mlangoni anakuta nyumba imebomolewa, atalala wapi?

Na msidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Kule Marekani, katika jimbo la Washington, kuna mto unaitwa Tucannon, unaoingia mto Snake. Humo kuna samaki anaitwa samoni. Anazaliwa mtoni, anashuka mpaka baharini, anakulia huko, halafu anarudi mto ule ule aliozaliwa, anataga na kufa. Samoni anafukia mayai yake chini ya kokoto, na maji safi yanapita katikati ya kokoto kuyapa hewa. Wakulima wa ngano walilima vilima vyao mpaka ukingoni. Udongo ukashuka, ukaziba nafasi kati ya kokoto, mayai yakakosa hewa. Miti ilipokatwa jua likapasha maji moto, na samoni hapendi maji ya moto. Mabwawa makubwa ya umeme nayo yalimzuia njiani. Mwaka 1992 Serikali yao iliandika samoni wa mto Snake katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Wakulima wa kule wakaanza kubadilika. Wengine wanapanda bila kutifua shamba, wanaacha mabua yafunike ardhi. Wengine wamejenga uzio ng'ombe wasikanyage ukingo, wamepanda miti. Tangu 1998 katika jimbo lile kuna mpango ambao Serikali inamlipa mkulima kodi kwa ajili ya ukingo aliouacha. Samoni bado hajarudi kama zamani, maana kuharibu ni kwepesi kuliko kutengeneza. Lakini jambo moja nalitaka mlishike: yule mkulima hakuambiwa tu "ondoka". Aliyeacha ukingo kwa faida ya wote, wote walimchangia. Hapo ndipo penye shauri letu.

KWA NINI WATU WALICHUKIA MATUTA

Wazee wengine wakisikia neno "matuta" wanakunja uso. Wana haki. Wakati wa Mwingereza, wananchi walilazimishwa. Milima ya Uluguru walitakiwa kuchimba ngazi kwenye mashamba yao, kazi ngumu, na mara nyingi ngazi zile zilifukua udongo mbovu wa chini na kuzika ule mzuri. Mwaka 1955 Waluguru waligoma, kukatokea ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Usukumani pia kulikuwa na amri za matuta na kupunguza mifugo. Amri zilipoondoka, na matuta yaliondoka.

Baada ya Uhuru nako tumejifunza. Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1973 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Majani yalirudi, na miti ilirudi. Hilo ni jema. Lakini wenye ng'ombe walibeba mzigo huo peke yao.

Sasa tazameni Wamatengo wa Mbinga. Wao wanalima milimani kwa ngoro. Wanalaza majani kwa mistari ya kukingama, wanayafukia kwa udongo, katikati kunabaki mashimo ya kuzuia maji. Hakuna bwana wa kikoloni aliyewafundisha. Walianza wenyewe kabla ya wakoloni, na mpaka leo wanalima hivyo. Mnaona tofauti? Kazi ya amri hudumu mpaka mwenye fimbo aondoke. Kazi ya makubaliano inarithiwa.

MZIGO WA UKINGO UBEBWE NA NANI?

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini tuipime kwa hatua zetu. Mita 60 ni kama hatua 65. Mtu mwenye shamba la ekari moja linalogusa kijito anaambiwa aache karibu ekari nzima. Atakula nini? Tukimwambia "sheria ndiyo hiyo", atalima usiku. Na wengi wenye mashamba yale si matajiri. Ni akina mama wenye bustani za mchicha, ni vijana ambao hawakurithi ardhi ya juu.

Tena hata wakiondoka wote leo, sisi wa juu tukiendelea kulima kushuka, tope litapita juu ya majani ya ukingo na kuingia kijitoni vile vile. Kwa hiyo wa chini wasibebeshwe dhambi za wa juu. Nasema hivi mimi wa juu.

Basi napendekeza mambo manne. Yajadilini majumbani mwenu, muyakosoe, mje nayo Jumamosi.

La kwanza, tuanze juu. Kila shamba la mteremko lipate makingamaji kabla ya vuli. Tutapima kwa fremu ya A. Ni rahisi: fito mbili zilizo sawa zifungwe juu, fito ya tatu ikatize katikati, kamba yenye jiwe ining'inie kutoka juu. Simamisha miguu yake, tia alama kamba inapopita kwenye ile fito ya katikati. Geuza miguu ibadilishane mahali, tia alama tena. Katikati ya alama mbili ndiyo alama ya usawa. Kutoka hapo unatembeza fremu shambani, kamba ikikaa kwenye alama unapigilia mambo mguuni, mambo kwa mambo, mpaka mstari ukatize shamba. Kisha unachimba mtaro kwenye mstari na kutupa udongo upande wa juu. Wenzetu wa Machakos wanaiita "fanya juu". Juu ya tuta panda mabingobingo, ng'ombe wapate majani. Na lima kufuata mstari huo, si kushuka. Na mabua tusichome.

Lakini angalieni: tuta la juu likikatika, maji yake yanavunja yote ya chini. Mtu mmoja akikataa katikati ya mteremko, anawaharibia wote. Ndiyo maana kazi hii ni ya ushirika, wala si ya mtu mmoja mmoja. Tufanye kwa zamu, shamba kwa shamba, kuanzia kileleni, kama tunavyofanya wakati wa kujenga nyumba ya mwenzetu.

La pili, anayeacha ukingo afidiwe. Ushirika una shamba kule juu, na kuna eneo lake ambalo miaka miwili halijalimwa lote. Tuligawe kwa hawa ndugu, ekari kwa ekari. Aliye na migomba au mboga ukingoni avune kwanza msimu huu. Na ukingo ukishaota, majani ya kukata yawe yake yeye aliyeuacha, na mizinga ya nyuki akitaka aning'inize. Tupande mikuyu, mizambarau, matete. Mikaratusi hapana, itakunywa hicho kijito kabla ya ng'ombe.

La tatu, mifugo. Tufungue njia moja tu ya kwenda majini, yenye mawe, na tujenge birika. Sasa hivi ng'ombe wanashuka popote, na kila wanaposhuka ukingo unabomoka.

La nne, samaki. Mvua zikijaza kijito, mtu asitege wavu wala kuziba kwa uzio kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo. Na utupa, au sumu ya dukani, isitiwe majini kabisa. Maji hayo hayo akina mama wanachota. Tutume pia wajumbe kwa vijiji vya chini yetu, tuwaombe nao wafanye hivyo, maana tukimwachia njia sisi na wao wakamziba, hatafika.

Mkutano ukikubali, Halmashauri ya Kijiji itaandika sheria ndogo na kuipeleka wilayani. Chama hakina shamba wala mto. Kazi yangu mimi ni kuwashawishi, uamuzi ni wenu. Na ndugu zetu wa vyama vingine wasikae pembeni. Kijito hakiulizi kadi.

NINACHOAHIDI NA NISICHOAHIDI

Sitawaahidi kwamba mwakani mtakula ningu. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo. Njia yake ni ndefu, ina nyavu nyingi ambazo hazimo mikononi mwetu. Lakini naweza kusema mambo ambayo yako mikononi mwetu. Udongo utakaozuiliwa juu utabaki juu. Maji yatakayozama shambani yatatoka polepole kijitoni wakati wa kiangazi, badala ya kupita yote siku moja. Viazi vya jirani havitazikwa. Na ningu akija, hata kama ni mmoja, atakuta majani pembeni, atataga.

Na mimi nina kipande cha bustani kando ya kijito, upana wa hatua 30. Nimekwisha kukiacha, na katika ugawaji wa shamba la ushirika sitachukua fidia, kwa kuwa nina shamba la juu. Sifanyi hivyo ili nisifiwe. Nina deni. Yule mama mwenye viazi nilimwambia, "Nitalipa." Naye aliniambia, "Lipa kwa kuzuia, Katibu, si kwa kufukua."

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo hotuba yangu yote. Hizi nyingine ni hesabu tu.

Jumatatu asubuhi fremu za A tatu zitakuwa tayari hapa ofisi ya ushirika. Shamba la kwanza kupimwa ni langu. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye chepe aje na chepe, mwenye maswali aje nayo pia.

Ushirika ni nguvu!

Katibu wa Chama, Tawi